Nyumba Zilizotunza Imani

Siku ya Ijumaa, tarehe 17 Machi mwaka 1865, baada ya saa sita mchana, watu wapatao kumi na watano, wake kwa waume na watoto, walisimama mbele ya mlango wa kanisa jipya mjini Nagasaki, katika nchi ya Japani. Mavazi yao yalikuwa ya wakulima. Padre wa kanisa hilo, Mfaransa aliyeitwa Bernard Petitjean, aliwaona wamesimama kimya, wala hawakufanana na watu waliokuja kutazama jengo tu. Akawafungulia, akaingia nao, akapiga magoti mbele ya altare kusali. Hapo mama mmoja akamkaribia, akaweka mkono kifuani, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba wao wote waliokuwapo wana moyo mmoja na wake. Kisha akauliza ilipo sanamu ya Maria Mtakatifu.

Padre akawaongoza mpaka altare ya Mama wa Mungu. Walipomwona amembeba Mwanawe walifurahi mno, wakaanza kusimulia habari za Noeli waliyoishika katika mwezi wa baridi. Wakamwuliza padre kama yeye naye anazishika siku za huzuni, maana kwa hesabu yao wamekwisha kufika siku ya kumi na saba. Sasa, ndugu wasomaji, hesabuni pamoja nasi. Mwaka ule Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 1 Machi. Basi tarehe 17 ilikuwa kweli siku ya kumi na saba ya Kwaresima. Watu wale walikuwa hawajapata kumwona padre maisha yao yote, wala baba zao, wala babu za babu zao. Hata hivyo hesabu yao ya siku takatifu ililingana na hesabu ya Roma.

Ni nani aliyeitunza hesabu hiyo kwa miaka zaidi ya mia mbili? Hakuwako askofu, hakuwako padre, hapakuwa na shule ya dini wala kitabu kilichoweza kuuzwa sokoni. Ilitunzwa nyumbani, katika vibanda vya wakulima na wavuvi, na baba na mama waliolala njaa mara nyingi na kulipa kodi kila mwaka. Habari ya nyumba hizo ndiyo tunayotaka kuitafakari leo, maana yazihusu sana nyumba zetu.

Imani ilifika Japani kwa mkono wa Mtakatifu Fransisko Ksaveri, aliyeshuka katika bandari ya Kagoshima tarehe 15 Agosti 1549, Sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria. Sisi watu wa pwani hii twaweza kumwita mgeni wetu pia, kwa kuwa mwaka 1542, alipokuwa akisafiri kwenda Bara Hindi, jahazi lake lilitia nanga Malindi. Mbegu aliyoipanda Japani iliota upesi. Mwanzoni mwa karne ya kumi na saba Wakristu wa nchi ile walihesabiwa kuwa wapata 300,000.

Lakini wakuu wa nchi waliingiwa na hofu. Waliogopa kwamba nyuma ya wamisionari watakuja wanajeshi wa wafalme wa mbali, na kwamba mtu anayemtii Mungu kwanza hatamtii bwana wake kwa kila jambo. Tarehe 5 Februari 1597, kwa amri ya mtawala Toyotomi Hideyoshi, mashahidi ishirini na sita walitundikwa msalabani juu ya kilima cha Nagasaki, na kati yao walikuwamo wavulana wadogo. Mwaka 1603 Tokugawa Ieyasu alipata cheo cha shoguni, yaani jemadari mkuu anayetawala nchi kwa jina la mfalme wa Japani, na jamaa yake ikaitawala nchi mpaka mwaka 1867. Mwaka 1614 dini ya Kikristu ilipigwa marufuku Japani nzima. Mapadre wakafukuzwa, waliobaki kwa siri wakawindwa. Mwaka 1619 huko Kyoto Wakristu hamsini na wawili waliteketezwa kwa moto, na miongoni mwao alikuwamo mama mjamzito, Tecla Hashimoto, pamoja na watoto wake. Padre wa mwisho aliyekuwa bado akihudumu mafichoni, Konishi Mancio, aliuawa mwaka 1644. Tangu hapo hapakuwa na Misa, wala Kitubio, wala Mpako kwa wanaokufa.

Hata hapo mtu aweza kudhani kwamba wakulima wa vijijini, walio mbali na macho ya wakuu, waliweza kusali kwa amani. Sivyo. Serikali ya mashoguni haikutegemea upanga peke yake. Iliingia katika maisha ya kila siku ya kila nyumba, ikaufanya ufuasi wa Kristu kuwa hatari tangu kuzaliwa kwa mtu mpaka kuzikwa kwake.

Kila nyumba ilipaswa kuandikishwa katika hekalu la Kibudha, na hekalu lilishuhudia kwamba nyumba hiyo haina Wakristu. Mtu alipooa, alipohama, alipotaka kusafiri au kwenda kutumika mahali pengine, jina lake lilifuatwa katika daftari lile. Alipokufa, watawa wa hekalu walikuja kumsomea sala zao na kumzika. Tena, nyumba zilifungwa pamoja tano tano: kosa la nyumba moja lilizihusu nyumba zote tano, na jirani asiyemshitaki jirani yake aliweza kuadhibiwa pamoja naye. Njiani na vijijini zilisimama mbao za matangazo zenye ahadi ya thawabu. Kwa habari ya padre, vipande 500 vya fedha. Kwa habari ya bradha, vipande 300. Na hata kwa Mkristu wa kawaida palikuwa na malipo. Hebu fikirini mkulima ambaye mpunga wake mwingi umekwenda kulipa kodi, watoto wake wanalia njaa, na kila akipita njiani aona ubao unaomwonyesha bei ya jirani yake!

Ulikuwako pia mtihani uliotisha kuliko yote. Huko Nagasaki na katika vijiji vya kando yake, kila mwanzo wa mwaka, maofisa walipita nyumba kwa nyumba na bamba lenye sura ya Bwana wetu msalabani, au ya Mama yake. Waliliita fumie. Jamaa yote iliitwa kwa majina, na kila mmoja alitakiwa akanyage sura ile kwa mguu wake, wakubwa kwa wadogo. Hata mtoto mchanga alishikwa na mama yake, nyayo zake zikagusishwa bamba. Aliyekataa alijulikana papo hapo. Jambo hilo lilidumu kwa miaka zaidi ya mia mbili.

Sasa tutazame jinsi nyumba za Wakristu zilivyojipanga, kwa maana hapo ndipo penye somo letu. Katika bonde la Urakami, katika nchi ya Sotome yenye miteremko mikali, na baadaye katika visiwa vya Goto, Wakristu walichagua kati yao watu wa kuwatumikia. Wa kwanza alikuwa mtunza kalenda. Kazi yake ilikuwa kuhesabu mwaka wa Kanisa na kutangaza siku za sikukuu, siku za kufunga na siku za kujiepusha na kazi. Wa pili alikuwa mbatizaji. Yeye alijifunza maneno ya ubatizo kwa moyo, akamwaga maji juu ya vichwa vya watoto wachanga, kisha akamfundisha mwingine kabla hajafa. Wa tatu alikuwa mjumbe, aliyepita nyumba kwa nyumba kupeleka habari kwa kila jamaa. Walikuwa wakulima na wavuvi kama wenzao. Mchana walishika jembe au wavu, wala hawakujulikana kwa vazi lolote.

Angalieni udogo wa mambo waliyoyashika. Siku fulani mama hakushika sindano. Siku fulani baba hakupeleka mbolea shambani. Mpita njia asingeona kitu cha ajabu, lakini mtoto aliyekuwa nyumbani aliona, akauliza, akaambiwa. Hivyo ndivyo Dominika ilivyofundishwa pasipo kengele. Ukutani au kabatini waliweka sanamu ndogo nyeupe ya Kannon, anayeheshimiwa na Wabudha kwa ajili ya huruma yake, iliyofanywa kama mwanamke amembeba mtoto. Ofisa aliyeingia aliona sanamu ya Kibudha. Wenye nyumba walimwomba Mama wa Yesu. Alipokufa mtu wao, mtawa wa hekalu alisoma maneno yake juu ya maiti, nao wakiwa kando walisema kwa siri sala zao, wakimwomba Mungu amtazame marehemu kama Mkristu. Sala hizo zilikuwa na maneno ya Kilatini na Kireno ambayo wengi wao hawakuelewa tena maana yake, nao waliyashika kama mtu ashikavyo usia wa mzazi.

Mwaka 1797 mabwana wa Omura na Goto walipatana kwamba wakulima wa Sotome wahamie visiwani ili wakalime ardhi iliyokuwa pori. Kadiri ya miaka ilivyopita walihama watu wapata 3,000, na wengi wao walikuwa Wakristu wa siri. Masimulizi yasema kwamba sababu moja iliyowasukuma ilikuwa watoto. Katika Japani ya nyakati zile wakulima maskini wengi waliua baadhi ya watoto wachanga ili waliobaki wapate kula, na katika nchi ya Omura jamaa kubwa zilibanwa sana. Wakristu hao waliona heri wakavunje mawe katika kisiwa kigeni na kula viazi vitamu kuliko kumnyima mtoto uhai aliopewa na Mungu. Hawakuwa na padre wa kuwahubiria juu ya amri ya tano; walikuwa na neno walilolipokea kwa wazazi wao, nalo liliwatosha.

Hapa twafika penye jambo gumu, wala hatutaki kulipita kwa haraka. Watu hao, ambao leo twawasifu, wengi wao walilikanyaga bamba. Mashahidi walikataa, wakafa. Hao wengine waliweka mguu, wakaishi. Na wale kumi na watano waliosimama mlangoni mwa kanisa la Nagasaki walikuwa wana wa watu waliokanyaga. Tutasema nini?

Hatutasema kwamba halikuwa kosa. Wao wenyewe hawakusema hivyo. Twajua hayo kwa jambo walilolifanya baada ya maofisa kuondoka. Mwaka 1603, kabla ya marufuku ile kuu, Kanisa la Japani lilikuwa limekwisha kuwapa waamini kitabu kidogo juu ya majuto kamili, kikieleza jinsi mtu aliye mbali na padre awezavyo kurudiana na Mungu: ajutie dhambi zake kwa sababu ya kumpenda Mungu, na akusudie kwa moyo kuungama atakapompata padre. Kitabu hicho kilinakiliwa kwa mkono, kikafichwa, kikasomwa kizazi baada ya kizazi. Basi mlango ulipofungwa na hatua za maofisa ziliposikika zikienda nyumba ya pili, jamaa iliyokanyaga ilikusanyika na kusali sala ya majuto. Walifanya hivyo mwaka huu, na mwaka uliofuata, na miaka iliyofuata yote. Walikuwa dhaifu, na udhaifu wao waliujua, lakini hawakuuita haki. Petro alimkana Bwana wake mbele ya moto wa makaa, akatoka nje akalia. Wakulima hao waliyajua machozi ya Petro kuliko wengi wetu tusiopata kujaribiwa.

Ndugu wasomaji, Kanisa lajengwa juu ya damu ya mashahidi, nasi twaliungama jambo hilo kwa heshima. Mwaka 1862 Baba Mtakatifu Pio wa Tisa aliwatangaza watakatifu wale ishirini na sita wa Nagasaki, na mwaka 2008 mashahidi wengine 188 wa Japani, wengi wao walei, pamoja na Tecla na watoto wake, walitangazwa wenye heri. Lakini Mungu aliutumia pia udhaifu wa watu waliojuta. Anayeanguka na kujuta ana kitu cha kumpa mtoto wake: ana ukweli. Anayeanguka na kujihesabia haki hana la kumrithisha, kwa kuwa mtoto wake atajifunza kwamba kuanguka si kitu.

Wala tusidhani kwamba katika maficho yao waliishi kwa usalama. Mwaka 1657 huko Omura walikamatwa watu zaidi ya 600, na zaidi ya 400 wakauawa. Urakami iliingiliwa mara kwa mara. Hata baada ya siku ile ya furaha mwaka 1865 mateso yalirudi: mwaka 1867 wakuu wa shoguni waliwakamata viongozi wa Urakami, na utawala ulipobadilika, serikali mpya ya mfalme iliwahamisha watu wa bonde lile zaidi ya 3,000, ikawatawanya katika sehemu nyingi za Japani. Wapata 600 walifia huko uhamishoni kwa njaa, baridi na mateso. Mbao za marufuku ziliondolewa mwaka 1873, na waliosalia wakarudi kujenga upya nyumba zao.

Haki yatulazimu kusema pia kwamba mambo mengine yalipotea njiani. Mapadre walipochunguza maneno ya ubatizo, mahali pengine waliyakuta yametunzwa vema, na mahali pengine yameharibika. Na wako waliokataa kurudi. Waliendelea na desturi za wazee wao peke yao, kwa kuwa siri yenyewe ilikuwa imekwisha kuwa dini yao. Hatuwahukumu. Lakini jambo hilo latuonyesha kwamba nyumba peke yake haitoshi. Wakristu wa Urakami walitunza imani, nao walijua kwamba wanaitunza kwa kungoja. Walikuwa na usia wa kale, uliosemwa kuwa wa katekista Bastian, kwamba baada ya vizazi saba watakuja mapadre wa kuwaungamisha kwa merikebu kubwa. Kwa hiyo kanisa liliposimama bandarini, walikwenda wakaliuliza maswali yao. Nyumba inayotunza imani vema huielekeza kwenye Sakramenti, wala haijifanyi yenyewe kuwa Kanisa zima.

Sasa turudi kwetu. Sisi hatuna shoguni. Hakuna daftari la hekalu linalotufuata, hakuna bamba linaloletwa mlangoni. Katika parokia zetu kengele hulia, na katika vigango ambamo padre hufika mara moja kwa mwezi yuko katekista anayetuongoza. Na kwa kuwa hayo yote tunayo, wengi wetu tumemwachia padre na katekista kazi ambayo Mungu aliwapa wazazi. Mtoto akimwuliza baba kwa nini twafunga siku ya Ijumaa Kuu, baba amjibu, “Kamwulize katekista.” Rozari yaning'inia ukutani kama pambo. Jioni ikifika, kila mmoja yuko na simu yake, na sala ya pamoja imekuwa jambo la matanga tu. Twadhani imani i salama kwa sababu kanisa lina bati jipya.

Twawauliza, enyi baba na mama, nasi twajiuliza wenyewe: kama kesho padre angeondolewa, na kanisa likafungwa, na vitabu vikachomwa, watoto wetu wangebaki na nini? Wajukuu wetu wangeweza kumwambia padre wa baadaye kwamba leo ni siku ya kumi na saba ya Kwaresima? Wale wa Urakami hawakuwa na elimu kuliko sisi, wala nafasi kuliko sisi. Walikuwa na kodi, njaa, maofisa na hofu. Nao walipata dakika za kumfundisha mtoto.

Mwezi wa Januari 2014 Baba Mtakatifu Fransisko, akifundisha juu ya ubatizo, aliwataja Wakristu hao kuwa mfano kwa Kanisa zima, na mwaka 2019 alikwenda mwenyewe Nagasaki. Lakini kuwasifu hakutatufaa kitu kama hatuchukui utaratibu wao. Tuuchukue, basi, kadiri ya nafasi yetu. Kila nyumba iwe na mtunza kalenda: mtu mmoja, hata akiwa mtoto wa shule, atakayewakumbusha wenzake siku za Kanisa, ili Kwaresima isianze bila kujulikana na Noeli isiwe siku ya pilau tu. Kila nyumba iwe na mtu ajuaye kubatiza, kwa maana mtoto mchanga akiwa katika hatari ya kufa na padre yu mbali, yeyote aweza kumwaga maji na kutamka maneno kwa nia ya Kanisa. Ni aibu kubwa mzazi Mkristu asiyajue maneno hayo. Kila mtaa uwe na mjumbe wa kubisha hodi kwa jirani aliyepotea kanisani, asije kumshitaki bali kumwuliza hali. Mashoguni walizifunga nyumba tano tano kwa hofu. Sisi tuzifunge kwa mapendo.

Na kabla ya kulala, jamaa yote isali sala ya majuto pamoja, baba akiwa wa kwanza. Mtoto amsikie baba yake akikiri mbele ya Mungu kwamba leo amekosa. Pengine baba huyo siku hiyo alikanyaga jambo takatifu: alisema uongo kazini, alimdharau mkewe, alimnyima maskini. Asijifiche, wala asijitetee. Apige magoti pamoja na watoto wake, ajute, na akusudie kwenda kuungama. Sala hiyo ya usiku ndiyo iliyofika Nagasaki mwaka 1865 ikiwa hai, nasi twaweza kuianza usiku wa leo, katika nyumba yoyote yenye watu wawili na dakika tano.

Mashahidi watakatifu wa Japani, mtuombee. Maria Mtakatifu, uliyetafutwa kwa swali la mama mkulima, utafutwe pia katika nyumba zetu.